Bangili ya Pili ya Somo Wako

Tsofa Kavumbi,
Barazani kwa Taib, Ndia Kuu,
S.L.P. 83906,
Mombasa.

10 Mei, 1998

Mpendwa Dada Dama,

Salamu zangu zikufikie huko Cardiff zikukute mzima, wewe na shemeji Maxwell. Sisi huku hatujambo, twamshukuru Mungu, hofu yetu ni kwenu mlio kwenye baridi. Goti lako laendeleaje? Uliandika kwamba ngazi za hospitali zinalitesa. Dada, waachie wauguzi wasichana zile ngazi, wewe umeshapanda za kutosha. Na shemeji, bado anakula samaki kwa chipsi akijidai ndio chakula? Wifi yako Naomi alicheka mpaka akashika mbavu nilipomsomea.

Mvua hizi za El Nino zimetuachia alama. Choo cha mzee Dzoro kule nyumbani kilibomoka chote. Yeye mwenyewe hakuumia, na amejenga kingine ambacho anakisifu kuliko nyumba anayolala. Baraza la Taib lilivuja, ikabidi niisogeze cherehani hadi karibu na mlango, sasa kila mteja akiingia dukani ananigonga kiwiko.

Lennox yuko darasa la nane. Viatu nilivyomnunulia Januari havimwingii tena. Naomi anakusalimu sana na anauliza kama zile mbegu za mchicha ziliota kwenye ndoo.

Haya. Salamu zimekwisha na mimi bado nazunguka mbuyu. Hii ni barua ya nne kuianza, tatu nimezichana. Pasaka nilikupigia simu nikiwa nimekaza roho kabisa kukwambia, na wewe mwenyewe wakumbuka tulizungumza nini: kuku. Dakika zote zile, kuku. Nilitoka kwenye kile kibanda cha simu natokwa na jasho kama niliyebeba gunia.

Dada, somo wako hana mkono wa kushoto.

Hakuupoteza kwa ajali, wala si jambo la jana. Alizaliwa hivyo. Mkono unaishia chini kidogo ya kiwiko, umeviringana vizuri kama ncha ya mkate wa boflo. Ana miaka kumi na minane sasa, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikikudanganya. Nakuomba usiikunje barua hapa. Isome hadi mwisho, kisha unitukane utakavyo, nami sitakujibu neno.

Utauliza nilianzaje. Alizaliwa Agosti mwaka 1979, mwezi uleule uliotuletea habari kwamba mimba yako ya pili imetoka. Marehemu mama ndiye aliyesema mtoto apewe jina lako, ili uwe na mwana hata kama yuko mbali na macho yako. Nikakuandikia: dada, umepata somo. Ukanijibu kurasa sita, na ndani ya kifurushi bangili mbili za fedha, ndogo ndogo, za kumvisha mikono yote miwili. Nilizishika zile bangili nikazirudisha kwenye kifurushi. Wajua yanenwavyo kwetu, kwamba somo humfuata somo wake. Nikaogopa usije ukasema hata jina lako likipewa mtoto linazaa pungufu. Nikakaa kimya.

Hapo nilikuwa na huruma, na Mungu ni shahidi. Lakini ingekuwa ni huruma tu, ningekwambia mwaka uliofuata. Baadaye ilikuwa aibu, dada, aibu yangu mimi. Nilikuwa nikitembea naye mjini namweka upande wangu wa kulia, mkono ule mfupi ubanwe ubavuni mwangu usionekane. Alikuwa na miaka minne akiniuliza kwa nini hatubadilishi upande.

Ile picha ya gauni la samawati je, unayo bado? Ulisema umeiweka juu ya televisheni. Mwaka huo ulikuwa umemletea glavu nyekundu za sufu, ukidhani na sisi tuna baridi. Mimi fundi, na ufundi wangu niliutumia vibaya. Nilimshonea gauni la mikono mirefu, mkono wa kushoto nikaujaza pamba, mwishoni nikaishona ile glavu nayo nikaijaza pamba kidole kwa kidole. Bangili ya pili nikaivisha pale. Mpiga picha akaulaza ule mkono juu ya kiti, akasema tulia, mtoto akatulia. Na wewe ukaandika, maneno yako nimeyashika: "Somo wangu ana mikono yangu."

Naomi alilia aliposoma. Akaniambia, "Mwambie." Nikamjibu nitamwambia.

Lililo baya zaidi ni la mwaka 1987, ulipokuja kumzika mama. Nilikwambia mtoto ana tetekuwanga, yuko kwa kina Naomi huko Voi. Hakuwa na tetekuwanga. Nilimpeleka mwenyewe kwa gari moshi siku mbili kabla hujafika, nikawaomba wazee wote matangani wasikutajie, nikisema umeshapoteza wawili na habari hii itakumaliza. Wakanyamaza, maana walinionea imani. Ulikaa siku tisa. Kila asubuhi ulikuwa ukiniuliza upele umekauka? Yule mtoto hakumzika bibi yake aliyemlea mgongoni, wala hakumwona shangazi yake mwenye jina lake, na alikuwa na miaka minane, anaelewa kila kitu. Ukapanda ndege ukaenda zako, nami nikaenda Voi kumchukua. Njia nzima hakunisemesha.

Sasa nikueleze alivyo, kwa sababu wewe unachojua ni pamba.

Kuogelea alijifunza mwenyewe hapa Tudor, kwenye mkono wa bahari chini ya zile fleti, maana kwenye maji hakuna wa kumtazama. Alikuwa akienda na kurudi kwa mtindo wake mwenyewe, mguu unafanya kazi ya mkono. Huko ndiko alikoonwa na Bwana Kioko. Kioko ni Mkamba, karani wa bandarini, na jioni hufundisha vijana kuogelea bila kumtoza mtu. Alikuja hadi barazani akanitaka idhini. Nikamwambia binti yangu ni mgonjwa. Akasema, "Mgonjwa gani anayewashinda wavulana wangu?" Nikamkatalia. Naomi akamkubalia kisirisiri, na kwa hili namshukuru Mungu kwamba mke wangu si mtiifu.

Mchezo wenyewe unaitwa triathloni. Huku vijana wanauita tatu-kwa-moja. Waogelea, ukitoka majini warukia baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli wakimbia, na hakuna kupumzika katikati wala kupewa mkono na mtu. Nilipoelezwa mara ya kwanza niliona ni wazimu. Baiskeli yake Kioko aliitengeneza hivi: breki zote mbili ziko upande wa kulia wa usukani, na upande wa kushoto kuna kikombe cha ngozi alichoshona fundi viatu, ndimo anamotia ule mkono wake. Alfajiri kabla malori hayajajaa Makupa, utamkuta anakwenda na kurudi pale kwenye daraja, kichwa chini, hana habari na mtu. Mwaka juzi alikimbia Nairobi kati ya wasichana wenye mikono yote akawa wa nne. Mwaka jana akawa wa pili. Wewe nilikuandikia tu kwamba "anapenda michezo shuleni."

Mwezi wa Februari ndio kulikuwa na majaribio ya kuchagua watakaokwenda nje, kwenye mashindano ya walemavu. Ndiyo, dada, hayo mashindano ya Julai yanayomleta mjini kwenu ni ya walemavu. Hilo nalo nilikuficha ulipojitolea kwenye simu, mwanzoni mwa mwaka, kumlaza kwako. Ilimpasa amalize yote matatu, mita mia saba na hamsini za maji, kilomita ishirini za baiskeli na tano za miguu, kwa saa moja na dakika ishirini na tano. Akizidisha hata nukta moja, haendi.

Nikasikia kutakuwa na mpiga picha wa gazeti. Nikawaza: magazeti yetu yanafika Ulaya, Wakenya wa huko wanapeana, siku moja dada ataliona. Basi nikafanya nini? Nikafanya lilelile la gauni la samawati. Nilimshonea fulana ya kitambaa cha kuvutika, mikono mirefu, wa kushoto nikaujaza sponji ya godoro. Alipoiona alinitazama. Akasema, "Baba, hii itanilemea." Nikamwambia nimeshona miaka ishirini na mitano, asinifundishe kazi. Na kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu kuliko babake, akaivaa.

Fundi mzima, dada. Fundi mzima sikukumbuka kwamba sponji hunywa maji!

Alitoka vizuri, yuko mbele. Kufika katikati nikaona anaenda upande, anaenda upande, kisha kichwa kikazama. Kikaibuka, kikazama tena. Kioko alikuwa kwenye mtumbwi, akapiga kasia akamfikia na kumnyooshea mkono. Na hapo ujue, akimgusa tu, ameshatolewa. Dama akatikisa kichwa kumkataa. Nilikuwa nimesimama ufukweni na watu mia, najua ni mimi peke yangu katika umati ule ninayejua kinachomzamisha. Akalala chali. Akaushika ule mkono wa sponji kwa meno, akauvuta, akaung'ata, hadi uzi wangu ukaachia begani. Akauacha ukaelea, akageuka akaogelea.

Alitoka majini wa mwisho. Mkono wake mfupi uko wazi mbele ya kila mtu, damu inamtoka mdomoni. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mimi sikupiga.

Maji yakauleta ule mkono wa sponji hadi miguuni petu. Mama mmoja wa kamati, mwenye kofia, akauinua kwa kijiti, akauliza, "Jamani, hiki ni cha nani?" Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote. Akanitazama. Nikasema, "Sijui, mama."

Dama alikuwa hatua nne kutoka pale, anapanda baiskeli. Alisikia. Alinitazama mara moja tu, akatia mkono kwenye kikombe cha ngozi, akaondoka.

Dada, nimeshaona misiba. Lakini sijawahi kusimama mahali nikatamani ardhi inimeze kama siku ile. Nilikaa palepale hadi akarudi kutoka Makupa, nikakaa hadi akamaliza kukimbia. Alivuka mstari zikiwa zimebaki nukta kumi na tisa. Kioko alimbeba juu. Mimi nilijipitisha nyuma ya watu nikarudi kwenye cherehani yangu, nikashona kanzu ya mtu kola nyuma mbele.

Gazeti likamtoa, tena kwa picha, mkono mfupi juu, anacheka. Taib alikata ile picha akaibandika kwenye mlango wa duka. Nikaibandua. Akaibandika tena. Nilipoibandua mara ya pili aliketi kitako juu ya robota la kitambaa, na wajua Taib si mtu wa kupandisha sauti, akasema, "Tsofa, wamficha nani? Mola alipokata kitambaa chake hakukuomba kipimo wewe. Watia kiraka pasipo tundu." Nikaibandika mwenyewe. Iko pale hadi leo, na wateja wanauliza ni nani. Sasa najibu.

Yule mama wa kamati nilimtafuta pia, wiki iliyopita. Nilikwenda hadi ofisini kwake nimevaa shati la kanisani, nikamwambia kile kitu alichokiokota ni changu, nilikishona mimi, na yule msichana ni binti yangu. Alikuwa ameshasahau kabisa. Akaniuliza, "Kitu gani, baba?" Ikabidi nimweleze upya toka mwanzo, huku mtu wa chai amesimama anasikiliza.

Nyumbani Dama alikaa siku tatu hanisemeshi. Hakununa, maana chakula alinipakulia na maji ya kuoga aliniwekea, na hilo liliniuma zaidi. Siku ya nne alikuja barazani. Akaweka juu ya cherehani ile barua yako ya mwaliko, inayotakiwa na ubalozi, uliyoandika kwamba mgeni wako ni mtoto wa mdogo wako na ni somo wako. Akasema, "Baba, huyu shangazi anamwalika yule wa kwenye picha. Mimi hajanialika." Nikataka kusema neno. Akaendelea, "Mwandikie. Ukishamwandikia, akinitaka, aniandikie mimi. Asiponiandikia, siendi. Siwezi kulala kwenye nyumba ya watu nimejificha."

Nilimwambia Kioko amsemeshe, Kioko akakataa. Naomi akakataa. Alisema, "Ulichokishona, kifumue mwenyewe." Nilijaribu kungoja labda atalegea. Hajalegea, na anaendelea kufanya mazoezi kila alfajiri kama anayekwenda, huku barua ya mwaliko iko palepale kwenye droo ya cherehani hataki kuigusa. Tarehe kumi na mbili Juni makaratasi yote yanatakiwa yawe Nairobi. Ndiyo maana naandika leo.

Sikuombi unisamehe kwenye barua. Tutaonana, inshallah kama asemavyo Taib, na utanisema ana kwa ana, nami nitainama. Ninaloomba ni moja, nitalisema mwishoni. Zile bangili zako nilikuwa nimezifungia sandukuni. Amezitoa. Zilikuwa za mtoto mchanga, akazipeleka kwa sonara hapa Ndia Kuu zikapanuliwa. Moja ameivaa mkono wa kulia na haivui hata akiogelea. Ya pili ameifunga kwenye leso, iko kwenye mfuko wake wa safari. Nilimuuliza hiyo ya nini. Akasema ni yako. Akasema bangili zilikuwa mbili na masomo ni wawili, mimi ndiye niliyekosea kuhesabu.

Nimeambatanisha ile picha ya gazeti. Ukipenda, itie juu ya televisheni, na ile ya samawati uichome.

Nisalimie shemeji Maxwell, mwambie fulana zake mbili ziko tayari na mikono yake ni ya kweli. Mzee Dzoro anakusalimu, Naomi anakusalimu, Lennox anakusalimu na anaomba stempu. Mungu akulinde huko uliko, akupe goti jipya, na akujalie moyo mpana kuliko wangu.

Ukijibu, dada, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye.

Wako akupendaye, ambaye leo hana uso wa kukutazama,

Mdogo wako,
Tsofa